Kuitazama Miezi ya Mshtarii Kutoka Parklands

Kabla sijaanza ningewaomba mfanye jambo moja. Usiku wa leo, mkitoka nje kuanua nguo au kutupa taka, inueni macho. Hapa kwetu Parklands mtaona nini? Mtaona ukungu wa nuru uliotanda juu ya mapaa, mithili ya makaa yaliyofunikwa majivu. Hizo ni taa za jiji: taa za maghorofa ya Westlands, za Barabara ya Limuru, za hospitali, za maduka ya Diamond Plaza na za magari yasiyokwisha. Nyota mtazihesabu kwa vidole.

Ndiyo maana nilipomwambia rafiki yangu mmoja wa kidato cha tatu kwamba nimeiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii nikiwa kando ya lango la ploti yetu, alicheka hadi akashika mbavu. "Wee bwana, hayo uliyoyaona ni vumbi kwenye kioo!" alisema, na darasa zima likamuunga mkono.

Makala haya ni jibu langu kwake na kwa wote waliocheka. Nitaeleza jinsi mtu anavyoweza kuzitazama sayari na miezi yake kwa darubini ndogo mahali pabaya kama hapa petu, na jinsi anavyoweza kujua kwamba alichokiona si vumbi.

DARUBINI ILIKOTOKA

Darubini yenyewe si yangu, ni ya shule. Ilikuwa imelala katika stoo ya maabara tangu kabla sijajiunga na kidato cha kwanza, nyuma ya stuli zilizovunjika miguu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025 tukaambiwa kwamba stoo itasafishwa, na vitu visivyotumika viuzwe. Nikamwendea mwalimu wetu wa fizikia mbio mbio.

"Si kwamba ni mbovu," aliniambia, "lakini hapa Nairobi utaona nini? Hiyo ingewafaa watu wa Turkana, ambako usiku ni usiku."

Nilimsihi hadi akalegea. Tukakubaliana hivi: nitapewa wiki tatu. Nikirudi na daftari lenye maandishi ya kuaminika juu ya jambo lolote la angani, darubini itabaki shuleni nami nitapewa meza katika maonyesho yetu ya sayansi. Nisiporudi nalo, basi, iende. Nikatia sahihi na kuibeba hadi nyumbani kwa miguu, kwa kuwa makanga wa matatu aliitaka ilipiwe nauli ya mtu mzima.

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, si vibaya nikitaja asili ya maneno. Darubini limetoka katika Kiajemi: "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Ni kionambali, kwa ufupi. Sayari limetoka katika Kiarabu na maana yake ni chenye kwenda, kwa sababu watu wa kale waliona kwamba nyota nyingi hukaa pamoja makundi kwa makundi, lakini chache hutembea kati ya wenzake mwaka mzima. Hizo zitembeazo ndizo Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zote tano huonekana kwa macho matupu, hata hapa Parklands, ukijua pa kutazama.

MAADUI WATATU

Mtu akisema "hali mbaya ya anga", huwa amechanganya maadui watatu katika gunia moja. Mimi pia nilifanya hivyo mwanzoni, na nilipoteza usiku mwingi kwa kupigana na adui asiyefaa. Hebu tuwatoe mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni mwanga wa jiji. Huyu ana kelele nyingi kuliko nguvu. Ni kweli kwamba ameua vitu hafifu. Ule mkanda mweupe wa nyota ambao babu zetu waliuona kila usiku usio na mbalamwezi, mimi sijapata kuuona nikiwa Nairobi. Lakini sayari ni jambo jingine. Sayari hurudisha nuru ya jua, na nuru hiyo imekusanyika mahali padogo sana. Fikiria umesimama kituo cha matatu cha Ngara saa kumi na mbili jioni. Mtu akikunong'oneza, hutamsikia. Lakini dereva akipiga honi, utaisikia tu, hata kelele ziwe nyingi namna gani. Basi nyota hafifu ni mnong'ono, na sayari ni honi.

Hata miezi minne mikubwa ya Mshtarii ina nuru ya kutosha. Lau si mng'aro wa sayari yenyewe ulio karibu nayo, mtu mwenye macho mazuri angeiona bila darubini akiwa mahali penye giza. Kwa hivyo taa za Westlands haziwezi kuificha katika darubini. Taa inayokusumbua ni ile ya karibu, inayokupiga usoni. Yangu ilikuwa taa ya lango. Sikuweza kuizima kwa sababu ni ya usalama, kwa hivyo nilichukua leso ya Mama nikajifunika kichwa pamoja na mdomo wa kutazamia. Majirani waliokuwa wakiingia walidhani nimepagawa. Si kitu, niliona nilichotaka.

Adui wa pili ni hewa inayotetema, na huyu ndiye hatari hasa. Usiku wa kwanza niliipandisha darubini hadi juu ya paa la ghorofa letu, katikati ya kamba za nguo na matangi ya maji. Nilifikiri kwamba nikipanda juu nitakuwa karibu na mbingu. Nikatia lenzi yenye nguvu kuliko zote. Lo! Mshtarii ilionekana kama kiini cha yai kinachochemka sufuriani. Ilivimba, ikatetemeka, ikagawanyika, ikarudi. Miezi sikuiona hata mmoja.

Sababu ni hii. Saruji ya paa hunyonya joto la jua mchana kutwa, kisha huliachilia usiku. Hewa ya moto hupanda na kuchanganyika na hewa baridi. Mwanga unapopita kutoka hewa ya joto hadi hewa ya baridi hupinda kidogo, kama tulivyosoma darasani. Ukipinda mara nyingi kwa sekunde, picha inacheza. Ni jambo lile lile unaloliona mchana juu ya lami ya Thika Road, barabara inapoonekana kama ina maji.

Isitoshe, darubini yenyewe ilikuwa na joto la chumbani. Kioo chenye joto hutengeneza kijihewa chake ndani ya bomba. Dawa yake ni rahisi: itoe nje dakika 30 au 40 kabla ya kuanza, iache ipoe ukifanya kazi ya ziada. Na badala ya paa, shuka chini penye majani. Nilishuka hadi kwenye kipande cha nyasi kando ya lango, na picha ikatulia nusu nzima. Matatu zikipita, miguu ya darubini hutikisika, lakini matatu hupita na kwenda zake. Paa halipoi hadi usiku wa manane.

Adui wa tatu ni mawingu. Kwa huyu hakuna dawa ila subira. Mvua za masika huja Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na kati ya Juni na Agosti Nairobi hufunikwa na wingu la baridi lisilonyesha wala kuondoka. Hata hivyo mawingu nayo yana siri yake. Wingu jembamba, lile linalofanya mbalamwezi ivae shela, mara nyingi huja pamoja na hewa tulivu. Nyota hupotea, lakini Mshtarii hupenya, na wakati mwingine picha huwa shwari kuliko usiku wa anga safi lenye upepo. Kwa hivyo usikimbilie kitandani eti kwa sababu umeona wingu moja.

Na tusisahau neema zetu. Nairobi ipo karibu sana na Ikweta, na ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa tupo karibu na Ikweta, njia ya sayari hupita juu juu kabisa ya vichwa vyetu, hazitambai kwenye upeo kama zinavyofanya kwa watu wa London miezi mingi. Sayari ikiwa juu, nuru yake hupita katika hewa kidogo. Sisi tuliozoea kusema kwamba kila kizuri kipo ng'ambo, hapa tumewashinda.

USIDANGANYWE NA SANDUKU

Kwenye sanduku la darubini kumeandikwa kwamba hukuza mara 675. Ni kweli, kama vile ni kweli kwamba spidomita ya matatu ina tarakimu 180. Hesabu ni hii: chukua urefu wa fokasi wa kioo kikubwa, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya kutazamia. Kioo chetu ni milimita 900. Lenzi ya milimita 20 inakuza mara 45. Ya milimita 10, mara 90. Ya milimita 4, mara 225. Kufika mara 675 ni lazima uongeze lenzi nyingine katikati.

Lakini ukikuza picha unakuza pia mtetemo wa hewa. Kioo chetu kina kipenyo cha milimita 114, na darubini ya namna hiyo hufikia kikomo chake karibu na mara 230, tena hewa iwe tulivu kabisa. Kwa usiku wetu wa kawaida, mara 45 hutosha kwa miezi na mara 90 kwa mistari ya Mshtarii. Galileo Galilei mwenyewe alitumia darubini iliyokuza kama mara 20 tu.

Onyo moja la lazima: kamwe usiielekeze darubini kwenye jua. Jicho litaungua papo hapo na hakuna daktari atakayelirudisha.

VUMBI AU MWEZI?

Tarehe 7 Januari 1610, huko Padua, Italia, Galileo aliona vinyota vitatu vimejipanga karibu na Mshtarii. Kufikia tarehe 13 alikuwa ameona cha nne. Vilibadilisha mahali usiku hadi usiku, lakini havikuiacha sayari yao. Akatambua kwamba vinaizunguka. Siku hizi tunaviita Io, Europa, Ganymede na Callisto. Jambo hilo liliwatikisa watu, kwani wengi waliamini kwamba kila kitu mbinguni huizunguka dunia.

Sasa turudi kwa rafiki yangu na vumbi lake. Kuna majaribio matatu, na kila mmoja wenu anaweza kuyafanya.

Kwanza, zungusha lenzi ya kutazamia mahali pake. Vumbi likiwa kwenye lenzi litazunguka pamoja nayo. Miezi itabaki palepale.

Pili, sogeza darubini kidogo. Miezi itasogea pamoja na sayari yake kama vifaranga na mama yao. Taswira ya uongo, ile inayotokana na nuru kurukaruka kati ya vioo, mara nyingi hukimbilia upande mwingine.

Tatu, na hili ndilo kubwa, rudi kesho. Rudi na keshokutwa. Vumbi halina ratiba. Miezi inayo. Io huzunguka Mshtarii kwa siku 1 na saa 18 hivi. Europa kwa siku 3 na saa 13. Ganymede kwa siku 7 na saa 4. Callisto kwa siku 16 na saa 17.

Ili kuandika ni lazima ujue mashariki na magharibi, na darubini ya kioo hupindua picha juu chini. Usihangaike. Iache darubini bila kuigusa. Dunia inazunguka, kwa hivyo sayari itatembea yenyewe na kutoka nje ya duara unaloliona. Upande inakotokea ndio magharibi. Kwa kukuza mara 45 safari hiyo huchukua dakika chache tu, na kwa mara 225 haichukui hata dakika moja.

Halafu chora. Duara moja la sayari, nukta kwa kila mwezi, na umbali ukipimwa kwa upana wa sayari yenyewe. Usiangalie mara moja ukaondoka. Weka jicho hapo dakika kumi. Hewa hutulia ghafla kwa sekunde mbili tatu, na katika sekunde hizo ndipo utaona. Haraka haraka haina baraka, walisema, na nadhani walikuwa wakitazama Mshtarii.

DAFTARI LANGU

Nilianza Jumanne moja katikati ya Februari. Mshtarii ilikuwa juu sana upande wa kaskazini mara tu giza linapoingia, nami nilikuwa nikiandika kila saa mbili usiku. Jumanne hiyo niliona miezi yote minne. Mmoja uliniingia moyoni kwa sababu ulikuwa peke yake upande wa magharibi, umbali wa kama Mshtarii saba na nusu zilizopangwa pamoja. Nikauita Mpweke.

Jumatano, mawingu. Alhamisi, mawingu. Ijumaa mawingu yalifunguka kwa dakika kumi tu. Nikachora mbio mbio. Mpweke haukuwa magharibi. Kulikuwa na mwezi mashariki, mbali kama ule. Kisha wingu likafunga dirisha.

Jumanne iliyofuata anga likawa safi. Nikatazama: Mpweke upo magharibi, mahali palepale pa wiki iliyopita! Moyo ukanidunda. Nikajiambia, basi, mwezi huu haujasogea hata kidogo, na Ijumaa nilikosea kwa haraka, nikageuza mashariki kuwa magharibi. Nikachukua kifutio. Nilitaka kuisahihisha ile Ijumaa, daftari lionekane safi mbele ya Mwalimu. Na si hilo tu. Kulikuwa na kurasa nyingi tupu za usiku wa mawingu, na katika simu ya Mama kuna programu inayoonyesha miezi ya Mshtarii ilipo kila saa. Ningenakili tu, nani angejua?

Askari wetu wa lango, mzee wa makamo aliyekuwa akinichungulia tangu siku ya kwanza, aliniuliza, "Kijana, mbona leo unafuta badala ya kuandika?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akaleta kile kitabu chake cha lango. Kila saa ameandika. Saa nne, shwari. Saa tano, shwari. Saa sita, gari la nyumba namba fulani limeingia. Saa saba, shwari.

"Hata saa ambayo hakuna lolote, mimi naandika," alisema. "Na nikiandika kitu, sifuti. Siku nitakayoandika nisichokiona, ama nifute nilichokiona kwa sababu hakinipendezi, hiki kitabu kimekufa. Hata yale ya kweli yaliyomo hakuna atakayeyaamini."

"Lakini Mzee, nafikiri nilikosea."

"Andika chini yake kwamba unafikiri ulikosea. Halafu ungoje Ijumaa."

Nikarudisha kifutio mfukoni. Penye usiku wa mawingu nikaandika MAWINGU. Chini ya Ijumaa nikaandika, "Sina hakika ya upande." Nikangoja.

Ijumaa ya pili kulikuwa na lile wingu jembamba. Nyota zote zilikuwa zimefunikwa, lakini Mshtarii ilipenya. Nikaiacha darubini bila kuigusa, nikaangalia sayari inatokea wapi, nikarudia mara tatu. Mwezi ulikuwa mashariki. Hakuna shaka. Na Jumanne ya tatu ukawa magharibi tena.

Ndipo nikaelewa, na nusura nipige kelele. Mpweke haukuwa umesimama. Kati ya Jumanne na Jumanne ulikuwa umezunguka sayari nzima mara moja, na Ijumaa nilikuwa nimeukuta upande wa pili wa safari yake. Mwezi unaozunguka kwa siku 7 na saa 4 ni mmoja tu: Ganymede, mwezi mkubwa kuliko miezi yote inayojulikana katika mfumo wetu wa jua, mkubwa hata kuliko sayari ya Utaridi. Ningalifuta ile Ijumaa, ningalimwambia Mwalimu kwamba Ganymede umegandishwa mbinguni kama nguo kwenye kamba!

Usiku huo nilimwita Mzee atazame. Aliinama, akatulia kwa muda mrefu. "Zipo nne," alisema. "Mbili huku, mbili huku." Hakuwa amesoma daftari langu. Zilikuwa mbili huku, mbili huku.

YA KUONA MENGINE

Mshtarii siyo pekee. Mwezi huo huo wa Februari 2025, Zuhura ilikuwa iking'aa magharibi baada ya jua kutua, na katika darubini haikuwa duara bali hilali, kama mwezi mchanga. Zuhura haina mwezi wake, lakini yenyewe hukua na kupungua kama mwezi. Iangalie mapema kabla giza halijaingia kabisa, vinginevyo mng'aro wake utakuumiza jicho.

Mirihi ina miezi miwili, Phobos na Deimos, iliyogunduliwa mwaka wa 1877. Usipoteze muda wako. Ni midogo mno kwa darubini kama yetu.

Zohali ndiyo itakayokufanya uite jirani. Machi 2025 pete zake zilitugeukia ubavu zikawa nyembamba kama uzi, na tangu hapo zinaendelea kufunguka. Mwezi huo huo wataalamu walitangaza miezi mipya 128 ya Zohali, jumla ikafika 274. Sisi wa Parklands tutatosheka na mmoja, Titan, uliogunduliwa na Christiaan Huygens mwaka wa 1655. Huonekana kama kinyota mbali kidogo na pete, na huzunguka kwa siku 16 hivi. Kanuni ni ile ile: chora, rudi, chora tena.

Wala msidhani kwamba kuandika nyakati za miezi ni mchezo wa watoto. Mwaka wa 1676 Ole Rømer wa Denmark alitumia nyakati za Io kuingia katika kivuli cha Mshtarii. Aliona kwamba dunia ikiwa mbali na Mshtarii, Io huonekana kuchelewa. Io haikuwa imechelewa. Ni mwanga uliokuwa na safari ndefu zaidi. Hivyo ndivyo binadamu alivyojua kwamba mwanga nao husafiri kwa muda. Nuru ya Mshtarii niliyoiona mimi langoni ilikuwa imetoka kwake zaidi ya nusu saa kabla.

MWISHO WA MAMBO

Daftari langu lilikuwa na siku 21: usiku 9 wa kuona na usiku 12 wa MAWINGU. Siku ya maonyesho, mwalimu mmoja aliyekuwa akitoa alama alifunua kurasa na kuniuliza, "Kijana, mbona zaidi ya nusu ya kazi yako ni mawingu?"

"Kwa sababu zaidi ya nusu ya usiku ilikuwa mawingu, Mwalimu," nikamjibu.

Akarudi kwenye ile Ijumaa ya kwanza, akasoma "Sina hakika ya upande", kisha akaifuata hadi Ijumaa ya pili. Hakusema kitu. Aliandika alama zake akaenda. Nilishika nafasi ya pili, nyuma ya wasichana waliotengeneza jiko linalotumia takataka za jikoni, na kwa kweli walistahili. Lakini darubini haikuuzwa. Ipo katika kabati la maabara, imefunikwa kitambaa, na ufunguo unao mwalimu wa fizikia.

Na rafiki yangu je? Alikuja ploti jioni moja. Nikamwambia azungushe lenzi yeye mwenyewe. Aliizungusha upande huu, akaizungusha upande ule. Baadaye akauliza, "Sasa hizi kesho zitakuwa wapi?" Nikampa kalamu.

Wanafunzi wenzangu, msingoje mpelekwe Turkana. Anayetaka kujifunza zaidi, kundi la Travelling Telescope lililoanzishwa na Susan Murabana na Chu Owen limekuwa likipeleka darubini katika shule mbalimbali nchini, na pale Chiromo, si mbali na hapa, Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara yake ya fizikia. Vyombo viwili vya angani, JUICE kilichorushwa mwaka wa 2023 na Europa Clipper cha mwaka wa 2024, vimo safarini kwenda kuichunguza miezi ile ile tunayoiona kutoka langoni. Vinatarajiwa kufika huko miaka ya 2030 na 2031, wakati wengi wetu tutakuwa vyuoni au kazini. Atakayesoma habari zake atakuwa na furaha zaidi akiwa amekwisha kuiona miezi hiyo kwa jicho lake.

Kwa hivyo usiku wa leo toka nje. Kukiwa na anga, tazama na uchore. Kukiwa na mawingu, andika MAWINGU, ulale, urudi kesho. Subira huvuta heri.